Ukiwa na Shaka, Jibu Hapana

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mchikichi,
juu ya duka la mabomba na koki,
ninahamisha swichi.

Si za ukutani. Hizi ni mistari ya maandishi,
kila mmoja swali analoulizwa mtu
kabla ya kukiunda kiini cha mfumo:
Je, kilisome jedwali la kumbukumbu kitakaloachiwa?
Je, kiiamini saa ya ubaoni?
Kikianguka, kimwachie nani wosia?

Yote yanaihusu programu dhibiti,
ile iliyofungiwa ndani ya chuma,
inayoamka kabla ya wote,
ikapapasa gizani, ikahesabu kilichopo,
kisha ikakabidhi.

Namfahamu mtu wa namna hiyo.
Ngwandu, mlinzi wetu, alfajiri huzima taa ya ngazini,
huandika daftarini: *Milango tisa. Jenereta ina mafuta nusu.
Paka yumo stoo.*
Hutia saini, hupanda baiskeli, huyoo Tandika.
Sisi wa saa mbili tunadhani
ofisi ilijifungua yenyewe.

Basi maswali yake yalikuwa yametapakaa.
Moja lilikuwa chini ya vifaa vya sauti,
kisa aliyeliweka, miaka mingi nyuma, alikuwa na haraka.
Mawili chini ya umeme. Manne yamejibanza
kwenye menyu ya prosesa, kama wageni
waliokosea nyumba ya harusi
wakaona aibu kuondoka, wakala pilau kimya kimya.

Nikasema: yakae pamoja.
Menyu moja, mlango mmoja, jina linalosomeka.
Kata huku, bandika kule.
Sikuandika neno jipya, hata koma sikuigusa,
kazi ya mtu anayepanga kabati la marehemu
na hajaruhusiwa kutupa kitu.

Kila swali lina majibu matatu.
Ndiyo: shonwa ndani ya kiini, amka nacho.
Hapana: usiwepo.
Na la tatu, ambalo walilibuni mbali
bila kujua kuwa ni letu:
kaa pembeni, ukiitwa utakuja.
Shangazi Siwema wa Magomeni ameishi hivyo
na ukoo mzima, na hakuna aliyemnunia.

Chini ya kila swali, ushauri wa mtu nisiyemjua:
*Ukiwa na shaka, jibu Hapana.*

Ijumaa Heriel akapiga simu kutoka zahanati, Mbagala.
Mashine ya kupima damu imewaka
lakini haijui leo ni lini,
wala haioni hata robo ya kumbukumbu yake.
Kongwe, ya msaada, ubavuni ina maandishi ya Kijerumani.

Nikarudi kwenye menyu yangu nadhifu.
Mlangoni pake nilikuwa nimebandika sharti:
ifunguke kwa mashine za kisasa tu.
Na kila swali lililohamia ndani
likalirithi sharti, kama mtoto arithivyo deni.
Swali la yule mkongwe halikujibiwa Hapana.
Halikuulizwa.

Hakuna kengele iliyolia. Hakuna mstari mwekundu.
Unadhifu wangu ulimpita kimya,
kama anavyopitwa mtu ambaye jina lake
halimo kwenye orodha ya dirishani.

Nikaling'oa sharti mlangoni,
nikalishonea kila swali linalostahili, moja moja,
feni ikizunguka kwa uvivu, luku ikilia.
Menyu haipendezi tena kama asubuhi.
Heriel akaandika neno moja: *Imeamka.*

Saa kumi na mbili jioni Ngwandu akaingia,
tochi kwapani, daftari mkononi.
"Nini cha kukabidhi?"
Milango tisa, nikamwambia. Jenereta robo.
"Na paka? Katoka?"

Nikasita. Midomo ilishaanza kusema hapana.
"Sina hakika," nikasema.

Hakuandika kitu.
Akachukua ufunguo, akaenda kufungua stoo.